Hatua Kumi na Nane

Usiku arobaini na mmoja kamera imefungwa kwenye mwanzi
juu ya Isongole, ukungu umelala mlimani
kama ng'ombe asiyetaka kuamka.
Kazi yangu mimi ni betri. Natoa zilizokufa, natia nzima,
nafuta lenzi kwa pindo la shati,
nashuka na kadi mfukoni.

Picha mia sita na tatu.
Funo. Funo. Mgongo wa nguruwe mwitu.
Fungo amekaza macho kama karani aliyekatizwa chai.
Jani. Jani lilelile.
Kijana na kiroba cha viazi visivyo vyake
(hiyo niliifuta, samahani Daktari).
Yule, hapana.

Hana jina jingine. Yule. Tulinagwe alimwona
Juni, alfajiri, barafu bado kwenye majani ya viazi:
mbele mrefu, nyuma mfupi, shingoni manyoya,
na hakukimbia. Aliondoka.
Tofauti hiyo anaisisitiza.

Daktari Mgaya si mtu mbaya. Anasema macho ni shahidi mlevi,
kwamba fisi akilowa hubadilika umbo,
kwamba unywele tuliouokota kwenye seng'enge
umerudi kutoka maabara na jibu la herufi nne:
mbwa.
Tena anasema, akijikuna shingo,
kipunji naye kuna waliomwita hadithi
na wawindaji wa huku wakimjua hata kwa sauti.
Halafu anafunga daftari.
Hasemi nilale na lipi.

Nikaenda kumsomea Tulinagwe fomu yake,
maana aliomba asikie alivyoandikwa.
"Shahidi mmoja. Mwanga hafifu. Umbali mita thelathini, makisio."
Akaacha kumenya.
"Thelathini za nani?"

Akanitoa nje kwenye manyunyu, hadi kwenye kijiti
alichokichomeka pale yule aliposimama,
na kingine pale aliposimama yeye.
"Hatua kumi na nane. Nimehesabu mara tatu.
Mara ya kwanza nilipata ishirini, nilikuwa natetemeka.
Hiyo usiiandike."

Nikaiandika.
Nikahesabu na mimi: kumi na sita, miguu yangu mirefu.
Mwisho wa fomu, panapouliza Yupo au Hayupo,
sikutia alama.
Kesho kamera moja naishusha shambani,
naifunga kwenye kijiti chake,
itazame kile kingine.