Mlango wa Kutokea

Mvua ya Valdivia mwezi wa Julai haina adabu,
huingia na mgeni hadi mezani.
Nilikuwa nimetandaza ramani ya sinema mpya:
viti mia tatu, kibanda cha tiketi, vyoo,
na mlango wa kutokea, nyuma, kichochoroni.

Ermelinda, aliyekata tiketi miaka thelathini na moja
katika ile ya zamani iliyoungua,
akatua kikombe chake katikati ya ukumbi wangu.
"Hapa," akasema, "mnawamwaga watu kama maji ya vyombo."

Nikamweleza habari za moto, sheria, msongamano.
Akasikiliza. Akanywa.
"Moto una mlango wake. Mimi nawasemea wenye machozi."

Zamani, anasema, waliotoka
walipita katikati ya waliongoja,
macho mekundu, koti halijafungwa,
na foleni nzima ikanyamaza, ikawasoma nyuso.
Hapo ndipo Rosamel alipomwazima mwavuli
mwanamke asiyemjua.
Wana wajukuu sasa. Mwavuli haujarudishwa.

Nikafuta viti arobaini.
Mhasibu wa manispaa akanitazama kama mwizi.
Nikachora ngazi pana, ya kukalia,
ya kubishana iwapo yule mume alistahili msamaha,
na paa lililojitokeza hadi barabarani
ili asiye na pesa ya tiketi naye asimame pakavu.

Alama ya kikombe ingali kwenye karatasi,
mviringo wa kahawia.
Fundi Huenchual aliuliza: hii ni nguzo, au kisima?
Nikamwambia, pima vizuri hapo,
kisha usijenge kitu.