Kulia Kwake

Anayekaa kwenye kiti hiki, kulia kwake
ni kushoto kwangu.
Hufundishwa siku ya kwanza.
Nami nilikuwa na mwaka wa kumi na tisa kazini
Alhamisi ile, nyuma ya soko la Kilombero,
umeme umerudi saa nne, foleni imefika ngazini.

Kaanaeli Akyoo, mwashi, mtu wa Maji ya Chai.
Meno yake kahawia, kama ya nduguze wote,
kama yangu mimi kabla sijapata mshahara;
maji ya kule hulipaka jino rangi
lingali ndani ya fizi.
Mgeni angeona kinywa kilichooza.
Mimi si mgeni.

"Hili," alisema, "la chini,"
kidole kina saruji kwenye ukucha.
Nilitazama picha. Nilitazama saa.
Nikamchoma ganzi.
Alitaka kusema neno, akainua mkono kidogo.
"Tulia, baba," nikamwambia,
nikamjaza pamba.
Chozi lilimtoka, nikalidhania la taa.

Kulia kwake.
Kiswahili kimeyapa neno moja
machozi na upande wa mkono,
na mimi sikusikia hata moja.

Gego likatoka na mizizi miwili
iliyonyooka, safi, haina doa.
Likagonga bakuli la bati.
Theresia, nesi wangu, aliacha kufuta meza.
Jino bovu halilii vile.

Kwenye korido mwenye kliniki, Bwana Temba,
alinisogelea na funguo zake mkononi:
"Andika yote mawili yalikuwa mabovu.
Kahawia ile, nani atabisha?"
Akanigonga bega, kwa upole kabisa,
akaenda kupokea simu.

Kadi ilibaki na mistari mitatu mitupu.
Leseni yangu imetundikwa juu ya sinki,
kioo chake kina matone ya dawa,
jina langu linasomeka nusu.
Niliwaza ada ya Nsia, muhula wa pili.
Niliwaza barua ya Baraza, ile yenye mhuri.
Sitasema sikuwaza kuandika alivyotaka.
Niliandika herufi ya kwanza ya uongo,
Y,
nikaiona inavyokaa vizuri na mwandiko wangu.

Kisha nikaikata kwa mstari mmoja,
kama inavyotakiwa, ili isomeke:
*Nimeng'oa jino zima. La kushoto badala ya la kulia.
Mgonjwa alijaribu kunizuia.*
Tarehe. Saa. Sahihi.

Nikavuta kigoda nikakaa chini ya macho yake,
nikamwambia.
Alinisikiliza na nusu ya uso; nusu nyingine ilikuwa yangu bado.
"Na linaloniuma?"
"Lipo."
Akacheka upande mmoja, kicheko kibaya.
"Mimi nikibomoa ukuta usio wenyewe,
naujenga upya kwa mfuko wangu.
Wewe daktari, hapa utajenga nini?"

Nilitaja daraja la meno, nikasema gharama ni yangu.
Nilimwandikia anwani ya Baraza
kwenye karatasi ya dawa, kwa herufi kubwa,
nikampa na nakala ya kadi.
Akaomba na jino.
Nikalifunga kwenye shashi, akalitia mfukoni
pamoja na kamba ya timazi.
Hakusema amenisamehe.
Lile bovu alikwenda kung'olea kwingine.

Barua imekuja. Kikao ni mwezi ujao.
Bwana Temba hanisalimii, ananihesabia glovu.

Na siku hizi, sindano ikiwa bado ndani ya mfuko wake,
nazunguka nyuma ya kiti,
nasimama natazama anakotazama:
dirisha, mabati ya soko, Meru ikiwa haina wingu.
Namwambia, "Nioneshe tena."
Anachoka, wengine hukasirika, foleni inaguna.
Namngoja ainue mkono.
Nami nainua wangu, wa upande huo huo.