Ukurasa wa Kumi na Nne

Kauntabuku ya kwaya nne, imefungwa kwa katani
kwenye msumari wa ghala letu la asali, Ipole.
Jalada linanata. Mchwa wamekula pembe,
wakaacha majina.

Ukurasa wa kumi na nne, Machi, mwaka wa elfu mbili na nane:
*Mzinga wangu wa tatu, juu ya mtundu, ng'ambo ya mbuga.
Nyuki wanaingia, wanakaa siku tisa, wanahama.
Mwenye kujua aniambie. Ni mimi, Nkinda Mlekwa.*

Chini yake watu walijibu, kila mtu na wino wake.
*Siafu hao. Zungusha majivu.*
*Majivu nimezungusha.*
*Basi nyegere.*
*Nyegere angevunja. Huu mzima.*
*Labda wamechoka sura yako,* akaandika mmoja,
na wengine wakacheka kwa kalamu,
ha ha ha, mistari miwili.
Halafu bei ya nta. Halafu ndoo ya chama iliyopotea,
ndoo, ndoo, kurasa tatu za ndoo,
na swali la Nkinda likabaki nyuma
kama mtoto aliyeinama kufunga kiatu.

Nami nilikuwepo. Nililisoma wino ukiwa mbichi.
Kalamu nilikuwa nayo mfukoni.

Jumanne moja, mwaka huu, nikafunua hadi pale.
Nafasi ilikuwepo bado, upana wa kidole, pembeni.
Nyamizi, karani wetu, akaniona:
"Babu, huko kumekwisha. Andika mbele, kuna karatasi safi.
Hata mwenye swali alishahamia Inyonga."
Nikamwambia karatasi safi haijaniuliza kitu.

Nikaandika, herufi ndogo ili zienee:
*Ni jua la saa tisa. Palikuwa na mninga upande wa magharibi,
ndio uliokuwa ukiukinga mzinga.
Niliukata mimi, usiku. Mbao kumi na moja.
Nikanunua baiskeli. Kapela.*

Sikupata nafuu yoyote.
Nilirudi nyumbani nikiisukuma baiskeli ileile,
mnyororo umekatika, mkono unanuka nta.

Wiki ya tatu nikakuta mwandiko nisioujua,
umelalia kulia, umepinda ukingoni
ukapanda hadi juu kwa kukosa mahali:
*Baba alijua ni jua. Alikuwa anauliza ni nani.
Nitamsomea. Kalunde.*

Tangu hapo, kimya. Kila siku ya mizani napita kutazama.
Mwenyekiti amegonga muhuri kando yake,
akaandika kwa nyekundu: MAMBO YA CHAMA TU.

Lakini jana, kurasa chache mbele,
katikati ya ule ugomvi wa zamani,
kuna penseli hafifu, haina jina:
*Ndoo iko kwangu.
Imetoboka, ila ipo.*