Ratiba ya Zamu Naiandika kwa Penseli

Wino haukubali kushauriwa. Ndiyo maana natumia penseli,
na raba iliyobaki ukubwa wa jino la mtoto.
Jumapili, saa tatu usiku, wadi ya watoto, Ahero.
Nje, vyura wa mashamba ya mpunga wanagombana.
Majina kushoto, siku saba juu,
na kila kisanduku kinadai herufi yake:
A ya asubuhi, J ya jioni, U ya usiku,
na P ya pumziko, ambayo siku hizi
naiandika kwa haya, kama mtu anayekopa chumvi
nyumba ile ile mara ya tatu.

Tulikuwa kumi na mmoja.
Nasimiyu alikwenda Leeds mwezi wa kwanza.
Kiplimo, yule aliyeupata mshipa wa kichanga
aliyekaushwa na kuhara, umeme umepotea,
kwa ncha ya kidole tu,
sasa anawageuza wazee ubavu kwa ubavu
katika mji wa baridi ambao jina lake hunishinda.
Awuor hakufika mbali. Anauza simu Kisumu.
Alisema: simu ikizima, Sista, hakuna mama wa kumwambia.

Karatasi ni hii hii tangu Januari
(mpya, tumeambiwa, ziko njiani).
Kila wiki nafuta, naandika juu yake.
Lakini raba huondoa weusi tu,
haiondoi uzito wa mkono.
Nikiinamisha taa nawaona wote
wamebonyea humo, Nasimiyu chini ya Adhola,
Kiplimo chini ya jina langu.

Mwezi jana waliniita mkutanoni, hotelini mjini.
Wakauliza changamoto. Nikajibu:
watoto thelathini na wanne, muuguzi mmoja, usiku mmoja.
Kijana wa tarakilishi akaandika
*upungufu wa rasilimali watu*
na sentensi yangu ikaonekana imeoga, imevaa tai.
Nikapewa soda, nauli, na kalamu yenye nembo.
Ni kalamu nzuri, haikwaruzi.
Naitumia kwenye daftari la vifo,
maana daftari lile halitaki penseli.

Leo jioni kaja Adhola, mdogo wetu.
Kasimama mlangoni, mikono nyuma,
kama mwanafunzi aliyevunja dirisha.
"Sista, naomba barua."
Hakusema barua gani. Sikumuuliza.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji,
ndivyo wasemavyo. Wangu akisifiwa hupanda ndege.
Nikimsifu nampoteza.
Nikimponda nimemsingizia kijana
niliyemfundisha mwenyewe kunawa hadi kiwiko.
Na mshahara wa Machi tuliupokea Juni,
na mama yake kule Rabuor aliuza ng'ombe wa mwisho
ili mwanawe avae nyeupe.
Nimshike kwa lipi?
Kwa kiapo? Kiapo hakilipi kodi ya nyumba.

Nimeiandika. Kwa kalamu ya mkutano.
Nimeandika kwamba ni mwepesi wa mkono,
kwamba watoto hawamlilii,
kwamba usiku wa mafuriko, Nyando ilipovuka barabara,
alivua viatu akaja, maji kiunoni,
sare kaifunga kichwani isilowe.
Kila neno kweli. Kila neno
lilikuwa kama kung'oa ukucha wangu.

Kona ile mashine ya oksijeni inanguruma,
mpira mmoja tumeugawa kwa pua za wawili.
Mama wa pacha anainua kichwa mkekani:
"Daktari, leo uko peke yako?"
Si daktari. Sikumsahihisha.
Nikaitazama karatasi chini ya taa.
"Tupo, mama. Lala."

Alhamisi usiku, kisanduku cha Adhola,
nimetia U yake. Bado yupo hadi Septemba.
Ijumaa bado ni tupu, na Jumamosi.
Nimeanza kuandika jina langu, herufi mbili za kwanza,
dripu ya kitanda cha sita imekwisha.
Ngoja.