Nusu Inchi

Mita ilizunguka usiku, sote tumelala.
Hakuna anayeoga, hakuna anayefua,
na kile kimshale chekundu kinatembea
kama mtu mwenye shughuli zake.
Bili ya Agosti ilipokuja Baba aliikunja mara nne,
akaisukuma chini ya redio.
"Wamekosea kusoma," akasema.
Ya Septemba hakuikunja.

Fundi alikuja kutoka Pasua kwa miguu,
Nakijwa, binti wa Kipare,
msumeno wa chuma ndani ya kiroba cha unga.
Akapiga goti nyuma ya jiko, akabandika sikio ukutani,
akainua kidole tunyamaze.
Tulinyamaza. Kuku hawakunyamaza.
"Linavuja," akasema. Akasikiliza tena.
"Si mahali pamoja."

Bomba hili alilitandaza Baba
mwaka niliozaliwa, bila ramani,
plastiki ya kijivu, nusu inchi,
kwa hela ya mwisho ya kahawa.
Gundi aliipaka kwa mswaki wa Mama,
na Mama mpaka leo hajausamehe mswaki ule.

Tukachimba.
Pale juu, jua lilipolipiga miaka yote, lilikuwa limepauka,
ukilibonyeza linavunjika kama biskuti ya chai.
Chini ya udongo tukakuta vidonda vilivyofungwa:
mpira wa baiskeli, waya, kipande cha kanga, mpira tena,
na juu yake fundo,
lile fundo analofungia mbuzi.
Kumbe ni usiku ngapi alitoka na kurunzi,
akachimba, akafunga, akafukia,
na asubuhi akatuuliza, uso mkavu,
kama maji yanatoka vizuri.
Mimi nilizijua suruali tu,
zenye matope magotini.

Nilimtazama Nakijwa kama atacheka.
Alikata, krr, krr,
akazipanga elbo kwenye ukingo wa baraza,
tii mbili, koki iliyogoma kufunga tangu nikiwa darasa la tano.
"Nani alifanya kazi hii?"
Baba, juu ya kigoda, aliutazama mlima,
ambao siku hiyo haukuwepo, ni mawingu matupu.
"Fundi mmoja," akasema. "Wa hapa hapa."
Nakijwa akageuza kona moja mkononi, akaipuliza vumbi.
"Hii haijawahi kuvuja. Huyu angepewa vifaa, angekuwa fundi."
Baba akasogeza kigoda.
Akakisogeza tena.

Mchana ule alishika yeye ncha ya bomba jipya,
la kijani, nene, lisilotaka gundi,
linaloyeyushwa kwa pasi na kuingizwa likiwa moto.
"Hesabu hadi tano, mzee. Usizungushe."
Na Baba, miaka sabini na miwili,
aliyezungusha kila kitu maishani mwake, hata majibu,
akahesabu kwa sauti, mkono umetulia.

Jioni koki ikakohoa, ikatema upepo, ikatema tope,
kisha maji yenyewe, ya juu, yanayouma meno.
Tuliizunguka mita wote wanne
kama watu wanaotazama mtoto aliyelala hatimaye.
Kimshale, kimya.

Wiki ya tatu magimbi ya Mama yalianza kunyong'onyea,
yale ya nyuma ya jiko, yenye majani ya kufunika beseni,
ambayo kila jirani aliletwa kuyaona.
"Ni mkono," alikuwa akiwaambia. "Mkono wangu ukipanda, kinakubali."
Sasa majani yaliinama, kingo zimekuwa kahawia,
na Mama aliyazunguka bila kusema,
akalaumu mbolea,
akamlaumu mbuzi.
Mimi na Baba tuliangalia sahani zetu.

Leo alfajiri nimesikia ndoo ikigonga ukuta.
Nikachungulia dirishani.
Baba, kurunzi mdomoni, suruali imekunjwa hadi magotini,
anamimina kidogo kidogo kwenye mashina,
akisimama kila mara kusikiliza
kama Mama ameamka.