Siku ya Themanini na Nane

Mimi ndiye karani wa kalamu nyekundu
katika kiwanda cha misumari, Barabara ya Lunga Lunga.
Nahesabu siku za watu.

Mji ukijenga, huhitaji kuambiwa.
Kileleshwa wamebomoa nyumba ya vigae, wanapandisha ghorofa kumi na nne,
na huku mashine zetu zinakohoa usiku kucha:
inchi tatu, inchi nne, na ile ya mabati yenye kofia.
Alfajiri langoni vidole vya msimamizi vinahesabu vichwa.
Hamsini, ingieni. Wewe pia, mwenye sweta.

Mji ukishusha pumzi, benki zikawa mkono wa birika,
kreni husimama Kilimani
kama korongo aliyesahau alichofuata.
Misumari hulala magunia, ikishika kutu,
na vile vidole hubaki mfukoni.

Kisha ikaja sheria. Nilishangilia, sikatai.
Atakayefanya kazi siku tisini mfululizo, ilisema,
si kibarua tena: ana likizo, ana bima,
ana barua yenye majina yake yote matatu.
Bosi aliisoma mara moja, akavua miwani, akaniuliza,
"Themanini na nane inaangukia lini?"

Wahenga walisema mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Sisi jembe tunampa siku ya kwanza,
na akishauzoea mpini
tunampokonya.

Leo ni zamu ya Mbithe.
Mashine namba sita anaijua kwa sauti;
ikianza kukwama huipiga teke, chini kushoto,
pale pale, nayo inatii.
Teke hilo halimo kwenye kitabu chochote cha fundi.
Limegharimu siku themanini na nane
na ukucha mmoja.

Hakulia. Alikunja aproni mara nne, akaiweka mezani kwangu,
akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya sukuma,
kama akikaa wiki mbili nyumbani
anaweza kurudi kwa jina la dada yake.
Kitambulisho kipo. Sura zinafanana.

Nilitazama dirishani. Lori lilikuwa likipakia.
Wiki mbili zikapita, nikachukua kalamu, ile ya bluu:
Kasyoka. Namba sita. Siku ya kwanza.

Jioni hiyo redioni mtaalamu alisema
uchumi umeanza kupumua,
nafasi mpya za kazi zimeongezeka.
Ni kweli.
Moja niliiandika mimi.