Upande wa Pili

Usianze kwa maji. Anza kwa kidole.
Kipitishe ukingoni: ikipinda, ni plastiki,
hiyo ina subira, itakusamehe.
Ikiwa nzito na baridi kama sahani ya pilau,
hiyo ni lakri, ya enzi za babu,
nayo haitaki hata harufu ya spiriti.
Nasema hivi kwa kuwa niliharibu.
Chupa ndogo ya duka la dawa, Langoni, na pamba:
nikasugua, pamba ikatoka nyeusi tii,
nikamwita Amria aje aone uchafu wa miaka sitini.
Haukuwa uchafu. Ilikuwa sauti.

Nyumba yetu, Mkomani, kuta zinatoka jasho.
Chokaa hudondoka usiku, kimya, kama unga,
na santuri za bibi zilikuwa zimelazwa kidakani
moja juu ya nyingine, kama chapati za futari.
Thelathini na moja. Nne zimevunjika.
Nyingine zimeota ukungu wenye umbo la visiwa.

Mombasa, nasikia, kuna mashine ya kuziosha:
bei yake kodi yangu ya miezi minane.
Mimi nina beseni.
Maji ya kisima hapana, yana chumvi,
yakikauka huiacha ndani ya mifuo, sindano ije iisage.
Nakinga ya mvua, Aprili, na si ya kwanza:
mvua ya kwanza huosha paa.
Tone la sabuni ya vyombo. Moja, nimesema.
Brashi ni ya nywele za mtoto mchanga,
ya Amria, mwanawe keshaota nywele za kushindana na kitana.
Kitambaa ni leso iliyochanika,
jina lake limebaki nusu: HAYAKUHUSU.

Katikati, kifuniko cha mkebe juu, kingine chini,
nabana kwa viganja karatasi isilowe,
maana babu ameandika kwa wino:
Mali ya Shekuwe. Usiguse.
Naigusa kwa wema, babu.
Fuata mfuo, usiukate,
kama unavyofagia mkeka kwa kufuata ukili.
Kisha kivulini, isimame kwenye kichanja cha vikombe.
Jua la saa sita litakufinyangia bakuli.

Ya mwisho kuosha ilikuwa yake mwenyewe,
Bibi Mwanarehema, miaka kumi na tisa,
aliyeimba siku moja, sahani moja, pande mbili,
akaolewa, akaimbia sufuria.
Upande wa pili, beti la tatu, kuna kitu: tik, tik-tik.
Tulikua nacho. Tulikiita donda.
Fundi Obo, aliyeniungia mashine kwa mkanda wa cherehani,
alisikiliza, akatikisa kichwa:
mkwaruzo, mama, huo hauna dawa.

Nikaosha mara tatu.
Ile sauti ya vitumbua vikikaangwa ikapungua, ikaisha.
Donda likabaki.
Nikamulika kwa simu, jicho karibu liguse mfuo:
laini, hakuna alama.
Nikarudisha sindano. Nikahesabu.
Mkwaruzo hurudi kila mzunguko, kama mdai.
Hiki hakirudi. Hiki kinangoja
mpaka zeze inyamaze, mpaka avute pumzi,
ndipo: tik, tik-tik,
fedha juu ya fedha,
mkono unapanda.

Zile kekee ziliuzwa mwaka wa kuezeka upya.
Mimi ndiye niliyezipeleka kwa sonara, kwenye kikapu, chini ya mchicha,
akazipima, akazitia droo, zikalia.

Sikumwita mtu.
Nimeishonea mfuko wa bafta,
nimeisimamisha kidaka cha tatu, mbali na ukuta wa nje.
Maji ya beseni yalikuwa ya kijivu.
Nimeyamwagia mrehani.